Moja kwa Sabini na Mbili

Radim, mtoto wa mdogo wangu, ameniletea sanduku
la kutimiza miaka sabini na minane.
Ndani ya sponji, kama yai la bata,
imelala Spitfire ya baba.

Ni zinki, anasema, si plastiki. Ishike, mama mkubwa, uone uzito.
Naishika. Ni uzito wa shada la funguo
mkononi mwa mtu asiye na haraka ya kutoka.

Kuna cheti chenye muhuri wa dhahabu:
nakala ya mia nne na kumi na tatu
kati ya elfu moja mia tano.
Basi watu elfu moja mia tano wana baba yangu,
wengine Osaka, wengine Leeds, juu ya kabati,
wanampangusa vumbi kwa brashi ya poda.

Jina wameliandika chini ya kioo
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
B. Řezáč. Hata vikofia vya herufi zetu hawakuvisahau.
Rangi ni ile ile, Radim anaapa, walikuwa na picha:
kijani cha mwani, kijivu cha bahari ya watu wengine,
na masizi ya bunduki yamepuliziwa ukingoni mwa bawa.
Vita vyote vimo, isipokuwa harufu.

Baba niliyemjua mimi alitengeneza baiskeli
huku Židenice, nyuma ya reli,
na kikohozi chake kiliingia mlangoni kabla yake.
Ndege ikipita juu hakuinua kichwa.
Alishika spoki, akangoja,
kama unavyomngoja mgeni mropokaji amalize.

Mwaka arobaini na tano alirudi na koti la Kiingereza.
Miaka minne baadaye koti likawa ushahidi.
Walikuja alfajiri; nakumbuka buti tu, na maziwa yaliyofurika jikoni.
Wakampeleka Jáchymov, chini, kuchimba urani,
yeye aliyekuwa amezoea juu.

Moja kwa sabini na mbili, ndicho kipimo.
Nimechukua penseli, nimepiga hesabu nyuma ya cheti.
Baba, sentimita mia moja sabini na nne,
anakuwa mbili na nukta nne: kifungo cha koti.
Miaka saba ya mgodini
inakuwa siku thelathini na tano na nusu.
Hizo ningeweza kuzihesabu. Ningengoja bila kulia.
Kikohozi sijui nikigawe vipi.

Radim alipokwenda nikavaa miwani,
nikaongeza na lenzi ya stempu.
Ndani ya kioo ameketi rubani.
Uso wa waridi, hana macho, hana mdomo,
mikono imeshikana na mapaja.
Wamemgandisha humo asishuke.

Lakini kwenye kifuko kulikuwa na vipande vya ziada,
magurudumu, kwa anayependa ndege iliyotua.
Radim alikuwa ameiweka angani, juu ya kijiti cheusi,
miguu imefichwa tumboni.
Nikaichomoa. Nikaivisha gurudumu la kushoto.
La kulia likaniponyoka,
nikalitafuta chini ya meza kwa magoti haya, dakika ishirini,
nikimtukana aliyebuni udogo.
Kisha nikaishusha juu ya kitambaa cha meza,
pua juu kidogo, tairi, tairi, mkia,
kama alivyonionyesha siku moja tu, kwa kijiko,
Krismasi ya mwaka sitini na moja, amelewa,
na mama akamwambia arudishe kijiko.

Halafu kisu cha kumenyea viazi.
Gundi ilisema tak, basi.

Radim atasema thamani imeondoka,
iliyofunguliwa hainunuliki.
Asubuhi atamkuta kando ya bakuli la sukari,
ameketi pasipo kiti, magoti mbele,
ameegemea kidogo ukingo wa sahani.
Dirisha nimelifunga,
kwa ajili ya kikohozi.